Hema la laki moja kwa sakafu ya simiti

Wacha niseme hii maneno mara moja: kama umenunua hema la kuweka juu ya gari na hujatengeneza mahali pa kuliweka wakati halitumiki, bado hujamaliza kununua. Kuna bili imebaki, na wenye kuidai ni panya na ukungu.

Najua mtu ashaanza, "Huyu aliacha chuo mwaka wa pili, sasa anakuja kutufunza rafu." Sawa. Lakini hasara ninayoiongelea nililipa na pesa yangu. Kusema ukweli haikuwa hata yangu, ilikuwa ya mzee.

Mwaka jana mzee alikuwa ameuza mitamba wawili kwa sababu ya karo. Nikamwambia sirudi. Alinyamaza siku mbili, ya tatu akaniambia, "Pesa ni ile ile. Nionyeshe utaifanyia nini." Mtu wa Eldoret anajua wageni wanaozunguka Afrika na magari yao wamekuwa wakipiga kambi hapa kwetu miaka mingi, hasa pale Naiberi kwa barabara ya Kaptagat. Wengine wakimaliza safari huuza vitu kabla ya kupanda ndege. Nikanunua hema la mkono wa pili kutoka kwa wawili wa aina hiyo. Jipya lingenitoa zaidi ya laki moja. Mpango ulikuwa rahisi: hema, Prado ya mjomba, na watu wa Nairobi wanaotaka kuamka wakiangalia bonde la Kerio. Nawapeleka, nalala kwa hema dogo la chini, na video napata.

Desemba ilienda poa. Januari pia. Mvua za Machi zikaanza, nikarudi Moiben usiku mmoja na hema likiwa bado na unyevu. Nikalikunja hivyo hivyo, nikalisukuma ndani ya stoo ya mahindi, likae kwa sakafu ya simiti, liegemee ukuta. Juu nikafunika na nailoni ati nalikinga. Mzee akapita akasema, "Hicho kitu usikiweke chini." Nikajibu ndiyo Baba, nikaenda kukata video. Moyoni nilikuwa nasema: huyu anajua mahindi, hema atajulia wapi?

Mwezi wa tano mteja akapiga simu. Siku ya safari nikalifungua mbele yake. Madoa meusi kila mahali, harufu ya gunia lililooza, na kwa kona ya godoro shimo la kutosha ngumi. Ndani watoto sita wa panya, wekundu, hata macho hawajafungua. Yule mama hakunigombeza. Aliniangalia tu kama mtu anayenihurumia, nikamrudishia pesa yake. Afadhali angegombeza, bana.

Sasa fikiria hii aibu iko wapi. Mimi ni mtoto wa Moiben. Hapa ukiwa na miaka kumi unajua gunia haliwekwi kwa sakafu tupu, linawekwa juu ya mbao. Unajua haligusi ukuta, kwa sababu ukuta hupitisha baridi na unyevu. Unajua mahindi yakipita unyevu wa asilimia 13.5 hayaendi stoo, yanarudi kwa jua. Unajua nguzo za ghala huvishwa kola ya bati ili panya akipanda ateleze. Hema ni nini? Ni kitambaa na godoro. Maadui wake ni wale wale. Elimu yote ilikuwa hapo nyumbani, na mwenye elimu alinipitia mlangoni akaniambia. Sikusikia kwa sababu hakuwa kwa video.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na sisi wenyewe tunaotengeneza hizi video. Tunawaonyesha hema likiwa wazi kwa ukingo wa Iten, kahawa inatoa moshi, jua linachomoza. Hakuna anayewaonyesha stoo. Kijana anatazama, anakopa, ananunua kitu, na hakuna mtu amemwambia kwamba kitu hicho kitalala bila kazi siku nyingi kuliko zile kitakazofanya kazi. Biashara yake itafia kwa zile siku za kulala.

Kwa hivyo wacha niwaonyeshe rafu. Niliijenga kwa banda la trekta, kwa sababu gari linaweza kuingia kinyumenyume. Hema langu lina kama kilo 60, limekunjwa lina urefu wa mita 1.4 na upana wa mita 1.2. Nguzo nne za mkalitusi nilikata kwa ua wetu, mita 2.6 kila moja, sentimita 60 zikaingia ardhini. Sehemu ya ardhini nilipaka oili chafu ya injini kwa sababu ya mchwa. Juu nikabaki na mita mbili, vidole viwili chini ya keria ya Prado. Hiyo ndiyo siri yote: hema halibebwi, linasukumwa kutoka kwa gari hadi kwa rafu, watu wawili, dakika chache. Pima gari lako, usichukue vipimo vyangu.

Mbao za kubeba ni saiprasi za nne kwa mbili, nimezifunga na bolti, si misumari. Zile za juu zimeachana sentimita tano hewa ipite, na zimeelekea upande ule hema linasukumwa ili lisikwame. Sasa sikiza hapa. Kilo 60 kwa nguzo nne si kitu. Kitakachoangusha rafu yako ni ule msukumo wa kando wakati unaingiza hema. Weka mbao za mshazari pande zote mbili na nyuma, zitengeneze pembetatu. Hii nilitoa darasani, sitaficha. Sijawahi kusema chuo ni bure. Nilisema karo ilinishinda kuielewa.

Kisha kola za bati kwa kila nguzo, mita moja kutoka chini, na rafu ikae nusu mita kutoka ukutani. Nailoni nilitupa, nafunika na shuka kuukuu. Hema haliingii hapo kabla halijafunguliwa likakauka kabisa. Hapa mvua hupenda kuja mchana, kwa hivyo ni asubuhi, hata kama umerudi umechoka.

Mbao zilinitoa 4,100, bolti na bati 1,300. Duka moja la Nairobi lilikuwa limeniambia karibu elfu arobaini kwa mashine ya kulining'iniza kwa dari. Wewe unayeishi gorofani bila banda, pengine hiyo ndiyo yako, sikulaumu. Lakini usiseme utaliacha tu juu ya gari mwaka mzima. Jua litakula kifuniko, mafuta yataenda zaidi, na zile kona za Tambach ukiwa na kilo 60 kichwani utazisikia.

Nilipomaliza mzee alikuja, akaweka bega kwa nguzo, akasukuma na nguvu zake zote. Haikutingika. Akauliza, "Na hapa chini?" Nikamwambia patupu, Baba. Asubuhi nilikuta amejaza spea za trekta. Hajasema kitu kingine, na mimi sijamwambia atoe.

Godoro jipya nimenunua. Madoa mengine yametoka, mengine yatabaki, na nikikodisha nayataja mapema. Na wewe ukiona mtu ameposti hema juu ya gari kwa ukingo wa bonde, kabla hujaenda kukopa, muulize swali moja tu: hiyo hema hulala wapi Jumatatu?