Kumlea Mwenzetu Katika Imani



Kila mwezi wa Januari, wadogo zetu wa kidato cha kwanza washukapo garini na masanduku yao, sisi wanafunzi Wakristo huwapokea kwa nyimbo. Jumapili ya kwanza huwahubiria, Jumapili ya pili huwauliza nani ataimba kwaya. Baada ya hapo twadhani kazi imekwisha. Mimi naona kwamba haijaanza. Kwa hiyo nataka kutoa shauri: kila mwanafunzi Mkristo wa kidato cha nne apewe mdogo mmoja wa kumlea katika imani, mwaka mzima.

Shauri hili si jipya. Paulo hakuhubiri katika makutano tu. Alimchukua kijana Timotheo wa Listra akasafiri naye. Na Paulo mwenyewe, wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa, ni Barnaba aliyempeleka kwa mitume. Hata hapa Afrika ya Mashariki tunao mfano wa vijana wa rika letu. Katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana watumishi. Aliwafundisha dini na kuwakinga na maovu. Mwezi wa Mei 1886, kifo kilipokaribia, aliwabatiza baadhi yao, na mmoja wao alikuwa Kizito, ambaye yasemekana alikuwa na miaka 14 hivi. Waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Nadhani Kizito hakuupata ushujaa ule kwa mahubiri ya siku moja. Aliuona kwa mtu aliyeishi karibu naye.

Huenda msomaji akauliza, "Wewe usemaye haya, umemlea nani?" Swali hilo ni haki, nami nitalijibu ingawa jibu lake laniaibisha.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nilipewa kijana wa kidato cha kwanza. Aliniita kaka. Kila Jumapili alasiri tulikaa chini ya mwembe karibu na bwalo. Nilimfundisha kusali, nikampa mistari ya kukariri, nikamkemea alipochelewa. Nilijiona mlezi hodari. Usiku mmoja, wakati wa kujisomea, alikuja kuniomba rula akanikuta nanakili zoezi la hesabu kutoka daftari la mwenzangu. Hakusema neno. Wiki iliyofuata yeye naye alikamatwa kwa kosa lilo hilo, akapewa adhabu ya kufyeka majani siku tatu. Mwalimu alimwuliza ni nani aliyemfundisha tabia ile. Akajibu, "Hakuna, Mwalimu."

Nilipata habari hizo, nikanyamaza. Siku mbili nilimpita njiani na fyekeo lake, nikageuza uso. Siku ya tatu sikuweza tena. Nilikwenda kwa mwalimu nikasema kweli, nami nikapewa fyekeo, tukafyeka pamoja. Nilipomwomba radhi, mdogo wangu alinijibu, "Kaka, nilidhani mtu akiwa mkubwa katika dini huruhusiwa." Maneno hayo yalinichoma kuliko adhabu.

Hapo nilifahamu kwamba alikuwa amejifunza mambo mawili kwangu: mistari kwa masikio, na mwenendo kwa macho. La macho ndilo lililoshika. Tangu siku ile mazungumzo yetu yamebadilika. Namwambia yale yanishindayo, naye huniuliza bila hofu, "Wiki hii hesabu umefanya mwenyewe?" Siku hizi sijui vema ni nani amleaye mwenziwe.

Wako wasemao kwamba mtu asiye mkamilifu asimlee mwingine. Tukingoja wakamilifu, wadogo zetu watalelewa na wahuni. La haja ni kwamba mlezi asifiche makosa yake. Wengine husema mdogo akianguka aachwe. Yohana Marko aliwaacha wenziwe huko Pamfilia, na baadaye Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba akamchukua, wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo yule yule akamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa amfaa. Je, kama Barnaba naye angalimkataa? Wengine tena husema kwamba sisi wa kidato cha nne tuna mtihani wa taifa. Ni kweli, lakini nusu saa ya Jumapili haimwangushi mtu mtihani.

Walakini yafaa kuwe na masharti. Kwanza, mdogo asilazimishwe; akitaka kuacha, aache kwa amani. Shule yetu ni ya serikali, ina Waislamu na Wakristo, na hapana ruhusa ya kumvuta mtu kwa nguvu. Pili, wakutane mahali pa wazi, mchana, na mwalimu mlezi ajue nani yuko na nani. Tatu, mdogo si mtumishi. Nimewaona wakubwa wakifuliwa mashati na kuchotewa maji kwa jina la malezi. Huo si ulezi, ni ubwana.

Walimu wetu, twaomba mtusaidie kuupanga mpango huu na kuuangalia. Wazazi wetu, mnapotuuliza likizoni juu ya alama zetu, tuulizeni pia ni nani atutazamaye shuleni, na sisi twamtazama nani.

Nanyi wenzangu wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba tutafanya mtihani, kisha tutafunga masanduku yetu. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mdogo wangu sasa yuko kidato cha pili, na mwezi uliopita aliniambia kwamba mwakani ataomba naye apewe mtoto wa kidato cha kwanza. Nilimwuliza atamfundisha nini kwanza. Akasema, "Nitamwambia habari za fyekeo."

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne