MSUMARI PEKE YAKE HAUJENGI KABATI

Ndugu wanaushirika wa Qurus,

Yako maneno kijijini kwamba karakana yetu inapoteza wakati na fedha. Eti mafundi wanachimba matundu kwa patasi nusu siku, wananunua gundi, wananunua skrubu, wakati kilo moja ya misumari ingemaliza kazi yote kabla ya saa sita. Sisi tunaona maneno haya yajibiwe hapa ukutani, kila mtu asome, maana fedha inayosemwa ni yetu sote.

Kwanza tuseme kweli: msumari si adui. Kwenye kenchi za paa na boma la ng'ombe, msumari ndio wenyewe. Ni rahisi, ni wa haraka, na pale mzigo unaukandamiza kwa ubavu bila kuuvuta nje, unashika vizuri sana.

Lakini mlango, fremu ya dirisha, kabati na dawati ni kazi nyingine jamani. Vitu hivi vinafunguliwa, vinavutwa, vinakaliwa na watoto wasiotulia. Kila mtikisiko unauvuta msumari kidogo. Tena mbao haitulii. Masika inavuta unyevu na kutanuka kwa upana. Kiangazi, na vumbi na upepo wetu huu, inakauka na kusinyaa. Msumari mwili wake ni laini, hauna meno. Mbao ikisinyaa, tundu linalegea na msumari unachomoka. Na mbao za mgrevilea na msaiprasi tunazopasua hapa zikitumika mbichi, mambo ni mabaya zaidi.

Mnakumbuka mwaka 2016. Elimu bila malipo ilianza Januari, watoto wakafurika madarasani, na Serikali ikaagiza upungufu wa madawati uishe ifikapo tarehe 30 Juni. Mafundi wakakimbizana na tarehe. Swali letu ni hili: dawati likiundwa kwa kukimbiza tarehe tu, kiungo chake kitadumu miaka mingapi? Mtoto anayekaa chini kwa sababu mguu wa dawati umechomoka, yeye hana habari kwamba misumari ilikuwa bei nafuu.

Nguvu iko kwenye kiungo kabla ya kuwa kwenye chuma. Watu wa pwani ya Lamu waliunda mitepe, vyombo vya bahari ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, vikabeba mizigo mpaka karne ya 20 ilipoanza. Kama kamba iliweza mawimbi, ulimi na tundu vitashindwaje na kabati la vyombo?

Kwa hiyo sisi tunapendekeza karakana ifuate haya:

1. Fremu za milango, madirisha na miguu ya madawati ziungwe kwa ulimi na tundu, zipakwe gundi, kisha zipigwe chango cha mti mgumu mkavu. Chango kikiwa kibichi kitasinyaa na kudondoka.

2. Bawaba na vitasa vifungwe kwa skrubu, si misumari. Kwanza toboa tundu dogo kwa keekee, na skrubu ipakwe sabuni. Kuigonga skrubu kwa nyundo ni kuharibu meno yake. Basi ni afadhali ungenunua msumari.

3. Skrubu au msumari usitegemewe kushika kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa. Hapo vinachomoka upesi. Vishike ubavuni.

4. Ubao wa juu wa meza usibanwe kabisa. Matundu ya skrubu yaachwe marefu kidogo, ubao upate nafasi ya kutanuka, la sivyo utapasuka.

5. Msumari ukitumika, urefu wake uwe kama mara tatu ya unene wa ubao unaobanwa. Karibu na ncha ya ubao, toboa kwanza au gonga ncha ya msumari iwe butu, usipasue.

6. Gundi nyeupe ya kawaida ni ya vitu vya ndani. Dirisha linalopigwa na mvua litafutiwe gundi isiyoogopa maji.

Wako watakaosema, je, mwanachama mwenye fedha kidogo? Huyo ana haki ya kupata kitu cha bei ndogo. Lakini aambiwe wazi anachonunua, na iandikwe kwenye daftari la karakana: hiki ni cha misumari, hiki ni cha ulimi. Kumuuzia mtu kabati la misumari kwa bei ya kabati la ulimi ni wizi, hata kama limepakwa vanishi likang'aa.

Na mjue kwamba kabati likirudi limelegea, ushirika unalipa mara mbili: mbao mpya na siku ya fundi. Bado jina letu halijahesabiwa hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunaomba jambo hili lijadiliwe kwenye kikao kijacho cha wanachama. Anayepinga na aje aseme, tena aje na kiti chake cha misumari, tukikalie wote tuone.

Kamati ya Gazeti la Ukutani