Msiwazime Sauti Wageni

Ipo kanuni ambayo baadhi ya wakufunzi wa walimu wa Kiingereza bado wanaishikilia, nami naipinga waziwazi: kwamba darasani kisisikike chochote ila Kiingereza.

Tuitazame Kanada. Tangu mwaka 1992 serikali yake hugharimia mafunzo ya lugha kwa wahamiaji watu wazima, na ugonjwa wa Korona ulipozuka mwaka 2020 madarasa mengi yalihamia mtandaoni. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 54 akiomba uraia, sharti aonyeshe kwamba husikiliza na kuzungumza Kiingereza au Kifaransa kwa ngazi ya 4, kati ya ngazi 12. Kura yake, basi, inapitia darasani humo.

Tuseme mwalimu mwanagenzi amekabidhiwa darasa kama hilo. Amekwisha kufunzwa kugawa vikundi na kuonyesha picha kwenye skrini. Mama mmoja mzaliwa wa Kivu anamuuliza mwenzake kwa Kiswahili, “Dada, amesema saa ngapi?” Katika chumba cha kawaida huo ungekuwa mnong’ono tu, mtandaoni wote wanausikia. Mwanagenzi anabofya kitufe, na sauti ya mama inakatika.

Swali lenyewe lilikuwa zito. Saa tuiitayo mbili asubuhi, Kiingereza huiita nane. Mama akiambiwa na daktari aje saa nane ya Kiingereza, naye akafika saa nane yetu ya mchana, amechelewa kwa saa sita. Huenda kamusi yake isimwonye. Mwenzake angemwonya kwa sentensi moja.

Watanijibu kwamba darasa lina watu wa lugha kumi, na mwalimu hawezi kuzijua zote. Kweli, wala hatakiwi kuzijua. Inatosha awape wenye lugha moja dakika tatu za kuulizana katika kikundi chao, kisha warejee kwenye Kiingereza, ambacho nakubali kinahitaji mazoezi mengi. (Nyinyi wanafunzi wangu wa Kampala mlipokutana na ngeli za Kiswahili, mlilinganisha na za Luganda kwa minong’ono. Nani aliwafukuza?)

Mtu mzima huingia darasani na lugha yake, kazi zake na watoto aliowalea. Mkufunzi anayempima mwanagenzi na aulize kwanza: leo umewazima sauti wangapi, nao walikuwa wakiuliza nini?