Daktari, Moyo Unanichafuka

Majuzi nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini. Daktari kijana, ambaye adabu zake hazikuwa na kasoro, alimwuliza: "Mama, unaumwa wapi?" Shangazi akajibu: "Ni tumbo, mwanangu, tena moyo unanichafuka." Yule kijana akaagiza moyo upimwe. Ilinibidi niingilie kati kumweleza kuwa shangazi alikuwa na kichefuchefu tu. Baadaye, alipopigwa picha ya mawimbi ya sauti, alipatikana na vijiwe katika mfuko wa nyongo.

Simlaumu daktari. Alisomea kazi yake kwa Kiingereza, na hakuna aliyemfundisha kuuliza kwa Kiswahili. Ilhali katika maradhi haya maswali ndiyo yanayotangulia vipimo vyote.

Tumbo letu huanzia chini ya kifua likaishia kinenani. Kwa hiyo heri mgonjwa aombwe aweke mkono panapouma. Maumivu ya vijiwe aghalabu hukaa chini ya mbavu za kulia, au penye chembe cha moyo (moyo tena!), na huweza kupanda hadi bega la kulia. Mara nyingi huja baada ya mlo wa mafuta, au usiku, yakashika kwa nusu saa hadi saa kadhaa bila kuachia. Hayasokoti yakapoa kama tumbo la kuhara. Lakini daktari akiuliza, "Linakusokota?" mzee wetu ataitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Na aulize, "Linaumaje?" kisha anyamaze asikilize.

Neno nyongo lenyewe lina mtego. Anayesema "nina nyongo" huenda anaeleza matapishi machungu ya malaria. Nayo homa ya manjano, ambayo kitaalamu ni ugonjwa unaoenezwa na mbu, wengi huitaja kila waonapo macho yamegeuka rangi. Afadhali kuuliza waziwazi: Je, macho yamekuwa manjano? Mkojo unafanana na chai isiyotiwa maziwa? Haja kubwa imepauka? Manjano hayo yakiandamana na maumivu, homa na kutetemeka, mgonjwa hawezi kungojea kesho.

Yapo pia maswali ya staha: amezaa mara ngapi, anatumia vidonge vya kupanga uzazi, amekonda ghafla? Kijana hamwulizi mama wa makamo mambo hayo mbele ya foleni. Huko Pwani na magharibi mwa nchi, asisahau kuuliza kuhusu selimundu, kwani hata watoto wenye ugonjwa huo hupata vijiwe.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi vyuo vya udaktari na idara zetu za Kiswahili ziketi pamoja, ziandae somo la kumhoji mgonjwa, na wanafunzi walifanyie mazoezi mbele ya wazee kabla ya kuingia wodini.