Uzuri Usiostahili Silaha



Liko jambo ambalo wengine watalihesabu kuwa dogo, nasi twaliona kuwa kubwa. Katika simu za vijana wetu zinapita video kutoka Marekani, za watu wanaong'arisha rivolva, bastola ile ambayo risasi zake hukaa katika kasha la duara linalozunguka, mpaka chuma chake kigeuke kioo. Vijana wanazitazama, wanapashana, na wanasema: ni nzuri. Tunaandika kwa ajili ya neno hilo moja.

Tuieleze kwanza kazi yenyewe kwa haki. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu, iitwayo Model 60, mwaka 1965. Nyingi za namna hiyo hutoka kiwandani zikiwa na uso uliofifia. Anayetaka kioo huondoa risasi, huifungua silaha kipande kwa kipande, kisha huisugua kwa karatasi ya msasa iliyoloweshwa: namba 400, halafu 600, halafu 1000, mpaka 2000. Kila msasa hufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Mwishoni hupaka dawa ya kung'arishia na kusugua kwa kitambaa laini, saa baada ya saa. Ni kazi ya subira na ya mkono mtulivu. Hatuwaiti wavivu wala wajinga wanaoifanya.

Wanaoitetea husema: huo ni utunzaji tu. Sivyo. Kutunza bastola ni kusafisha mtutu, kuondoa masizi ya baruti na kupaka mafuta. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, nayo hukitengenezea utando mwembamba unaokilinda bila kungoja kitambaa cha mtu. Askari naye hukimbia mng'ao, kwa kuwa humfichua mbele ya adui; ndiyo maana majeshi hupaka silaha zao rangi iliyofifia. Basi kioo kile kimebaki na kazi moja tu: kutazamwa.

Husema tena: chuma hakina dhambi, na mtu aliye nyumbani mwake hajamwua yeyote. Tunakubali kwamba hajaua, wala hatukai katika kiti cha hukumu. Kanisa halikani haki ya mtu kulinda uhai wake na wa wale aliokabidhiwa. Lakini kuruhusiwa si kupambwa. Daktari huuosha na kuutunza msumeno wa kukatia mguu uliooza, lakini hautundiki sebuleni ili wageni wausifu. Anayelazimika kubeba silaha na aibebe kama mzigo wa huzuni. Akianza kuipenda kwa macho, moyo wake umekwisha kuvuka mpaka ambao mkono haujauvuka bado.

Sisi walei si wageni wa kazi ya kung'arisha. Katika parokia zetu wako akina mama na watumishi wa sakristia wanaosugua kalisi, patena na monstransi kabla ya sikukuu. Taratibu za Kanisa zinataka kalisi ya chuma kinachoshika kutu, au kisicho na thamani ya dhahabu, ipakwe dhahabu kwa ndani. Kwa nini kwa ndani? Kwa sababu ndimo inamokaa Damu ya Bwana. Heshima ya chombo hutoka katika kile kinachobebwa nacho. Tukiishika kanuni hiyo, tuulize: rivolva hubeba nini katika vyumba vyake vitano au sita? Hubeba kifo cha mtu mwingine. Kuipa mng'ao wa kalisi ni kukitolea kifo ibada isiyokistahili.

Tena liko jambo ambalo mafundi wenyewe huonyana: msasa ukizidi, hula maandishi. Jina la kiwanda hufifia, na namba ya silaha hupotea. Huko Marekani kufuta namba hiyo ni kosa la jinai. Huku kwetu twajua vema maana yake, kwa maana bunduki isiyo na namba haina aliyeileta wala aliyeiuza, na mjane hapati wa kumwuliza. Mkataba wa Kinshasa kuhusu silaha ndogo, uliokubaliwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unadai silaha zitiwe alama kwa sababu hiyohiyo. Mng'ao wafuta mikwaruzo; usipochungwa, hufuta na ushahidi.

Tukumbuke tarehe 1 Februari 2023, pale Kinshasa. Wahanga wa mashariki ya nchi yetu walikuja mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko wakaweka chini ya msalaba vyombo vya mateso yao, panga likiwamo. Hapakuwa na aliyesema kwamba panga lile lilikuwa zuri. Tumkumbuke pia Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyepigwa risasi Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Silaha ilikuwa mikononi mwa wengine; yeye alishika msalaba. Watoto wa nchi iliyozika watu wengi hivi watajifunzaje kuiita bastola nzuri, nasi tunyamaze?

Mtume Yakobo anamtaja mtu ajitazamaye katika kioo, kisha akaenda zake na kusahau jinsi alivyo. Kijana anayejiona katika ubavu wa bastola huona sura iliyopotoka: anajiona mkubwa, anaogopwa, anatiiwa. Makundi yenye silaha yanayowaita vijana wetu huuza sura hiyohiyo.

Kwa hiyo twawaomba wazazi: msinunue wakati wa Noeli bastola za mchezo zinazometameta. Twawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya hai: zungumzeni na vijana juu ya video hizo, bila matusi, mkiwauliza wanaona nini ndani yake. Nanyi vijana mnaopenda kazi ya chuma, msiache kuipenda. Yako majembe ya kunolewa, milango ya kuchomelewa, vinara vya altare vilivyochakaa. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe, na kazi hiyo nayo yataka moto, nyundo na subira. Ombeni msasa parokiani; kazi ipo.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.