Piko ya Haraka, Majuto ya Miaka

Uzuri wa mkakasi, walisema wazee, ndani kipande cha mti. Msomaji, ukialikwa harusi Kiembeni, tazama vizuri mikono ya bibi harusi. Wekundu ule ni hina. Yale maua meusi tititi ni piko, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa. Hukaa mkononi saa kadhaa na kuacha rangi nyekundu au ya kahawia, si weusi wa wino. Ukiona weusi uliokolea kwa muda mfupi, aghalabu hiyo ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Ulaya, sheria inakataza kuchora nayo ngozini. Hata katika rangi ya nywele haifai kuzidi asilimia 2 inapopakwa. Kwetu, mpambaji hukoroga kwa kukisia tu.

Madhara yake ni kuwashwa, malengelenge na pengine kovu lenye umbo la ua lile lile. Huweza kuanza siku kadhaa baada ya sherehe. Na mwili ukishaikataa kemikali hii, huikataa daima: miaka mingi baadaye, rangi ya kuficha mvi yaweza kukuvimbisha uso.

Utaambiwa piko ni mila. Basi kumbuka kuwa Ufaransa ya karne ya 18, mabibi walipaka mashavu wekundu. Wapo waliotumia rangi ya wadudu wa kochinili iliyochanganywa na siki. Wengine walitumia unga wa madini yenye zebaki. Zote zilikuwa desturi, lakini zebaki ni sumu. Ukongwe wa urembo si cheti cha usalama.

Hata hina safi usimpake mtoto mchanga. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, hali isiyo adimu hapa Pwani, na hina yaweza kuharibu chembe zao za damu.

Sisemi tuache kujipamba. Nasema, kabla hujanyoosha mkono, mwulize mpambaji amekoroga nini. Akikuonyesha pakiti ya rangi ya nywele, mwombe hina. Na ngozi ikianza kuwasha, osha kwa maji mengi, kisha nenda zahanati. Usingoje harusi iishe. Kuuliza si ujinga.