Wimbo ukue, mwenyewe asipotee

SAUTI YA BONDENI
Na Daudi Mwashilindi, Galula

Kijana mmoja hapa Galula alinisikilizisha wimbo aliourekodi kwa simu chumbani kwake: yeye, gitaa lake, na jogoo wa jirani aliyewika katikati ya ubeti wa pili. Aliimba habari za mpunga wa mama yake uliosombwa na maji. Nilimwomba aurudie. Miezi miwili baadaye alirudi kutoka studio moja ya mjini na wimbo uleule, umejaa ngoma za kompyuta. Midundo niliisikia vizuri. Habari ya mama haikunifikia.

Simwambii abaki na simu. Kutamani muziki ulioshiba ni haki yake. Ninachouliza ni nani anamfuata mwenzake: biti au mwimbaji?

Mfano ni mwimbaji J.S. Ondara. Mzaliwa huyu wa Nairobi alihamia Minneapolis, Marekani, mwaka 2013, akajifunzia gitaa huko. Albamu yake ya kwanza, Tales of America (2019), ilisimama juu ya sauti yake na gitaa, ikamfikisha kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Grammy. Uviko-19 ilipofunga milango mwaka 2020, alijirekodi peke yake nyimbo za Folk n' Roll Vol. 1: Tales of Isolation, zinazowaimba waliofungiwa ndani na waliopoteza kazi. Mwaka 2022 akaja na Spanish Villager No. 3, akiwa na akina Mike Viola na Taylor Goldsmith wa bendi ya Dawes. Safari hii kuna ngoma na magitaa ya umeme, lakini sauti yake ile nyembamba inayopanda juu bado imebeba maneno.

Wanakwaya wetu wanalijua jambo hili. Mwalimu hufundisha sauti ya kwanza mpaka ikae, ndipo nyingine zipangwe kuizunguka. Besi wakizidi, huwashushia mkono.

Basi, mwanangu, kabla hujalipia tena saa za studio, mwite mpiga ngoma mmoja na mwimbaji wa besi, mfanye mazoezi uani mpaka nao waijue hadithi. Ukifika kwa prodyuza, mpe kwanza ile rekodi ya simu aisikilize yote, pamoja na jogoo. Kisha aongeze anachoona kinafaa, mradi mama yako asikike mpaka mstari wa mwisho.